Picha ya mtoto mgonjwa ni amana

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ndugu zangu Waislamu, picha za watoto wagonjwa hazikatiki katika simu zetu. Mara ni mtoto aliyevimba uso kwa maradhi ya figo, mara ni mwingine aliyejaa maji tumboni kwa ini lililoharibika. Amefunuliwa nguo, mipira i puani, machozi yanamtoka. Chini yake pana jina lake kamili, namba ya kutumia pesa na maneno ya kuhimiza tusambaze ili tupate thawabu. Nasi tunasambaza. Wachache wanajiuliza: je, mtoto huyu ameulizwa?

Sitaki kurudia khitilafu ya wanazuoni juu ya picha. Wapo walioikataza picha ya kamera ila kwa dharura, kama ya pasi ya kusafiria. Wapo walioiruhusu, akiwemo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliyeona kuwa ni kuzuia kivuli tu. Lakini hata aliyeruhusu picha hakuruhusu kumvua mtu sitara yake.

Matibabu yenyewe pia hayana mgogoro mkubwa. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kupandikiza viungo kwa masharti, na likakataza kuviuza. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo, mwenye uwezo alikwenda India. Gharama bado ni mzigo mzito. Mzazi ambaye mwanawe husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa saa nne hivi, akitoa picha ya mtoto wake simlaumu. Mfa maji hukamata maji.

Lawama ni yetu sisi tunaotazama. Katika Suratul Baqara, aya ya 273, Allah (SW) anawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Lakini hutambulika kwa alama zao. Maana yake ni kuwa jukumu la kuwatambua ni letu. Sisi tumeligeuza. Tunasubiri mpaka mtoto avuliwe nguo mbele yetu ndipo mkono uingie mfukoni. Na katika aya ya 264 ya sura hiyo hiyo tunaonywa tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Binti wa miaka minane leo, kesho Allah akimjaalia atapona, atasoma, atachumbiwa. Picha yake akiwa nusu uchi kitandani itakuwa bado imo katika simu za watu asiowajua. Huo kama si udhia ni nini?

Tena picha ni hakimu dhalimu. Mtoto mwenye sura ya kupendeza au kidonda cha kutisha huchangiwa haraka. Yule ambaye mama yake anaona haya kumpiga picha hapati kitu, ilhali wote wawili wanasubiri figo. Na huruma ya picha ni ya wiki moja. Aliyepandikizwa figo hunywa dawa kila siku, maadamu figo hiyo inafanya kazi, ili mwili usiikatae. Picha mpya ikija, yule wa kwanza husahauliwa, na dawa zake bado zinahitajika.

Kuna picha yenye heshima. Marekani lipo shirika la Flashes of Hope, lililoanzishwa mwaka 2001, ambalo wapiga picha wake hujitolea kuwapiga watoto wenye saratani na maradhi mengine mazito, kisha picha hupewa familia bure. Mtoto anaonekana yeye mwenyewe, si ugonjwa wake. Picha ile ni ya wazazi wake.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila msikiti uwe na kamati ya zaka na sadaka inayowajua wagonjwa wa mtaa wake. Barua ya daktari na ushahidi wa imamu vinatosha kuthibitisha haja. Pili, ikilazimu picha itumike, mtoto avae nguo, aulizwe kwa kadiri ya akili yake, jina lake lifichwe, na picha ifutwe haja ikiisha. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto na za afya katika fungu la taarifa nyeti. Tatu, tuchangie kila mwezi, hata kidogo, ili dawa zisikatike.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa miongoni mwa watakaopata kivuli cha Allah siku isiyo na kivuli ila chake ni mtu aliyetoa sadaka kwa siri, hata mkono wake wa kushoto usijue uliotoa wa kulia. Akatufundisha pia kuwa anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri. Ikija picha nyingine leo, changia, kisha isimame kwako.

Allah (SW) awape shifaa watoto wetu, awape subira wazazi wao, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.