Je, Mgeni Aliyelipa Hana Deni?

Mavuno ya mpunga yalipokwisha kule Rujewa, tuliazimia kufanya jambo ambalo wazee wetu hawakulifanya: kuwachukua watoto hata Dar es Salaam, kulala siku chache katika hoteli inayoelekea bandari, na kuwaonyesha mji. Wako ndugu waliotuambia kwamba huo ni ufujaji. Hatukubaliani nao. Bwana wetu mwenyewe aliwaita mitume wake wakae kando wapumzike kidogo. Na mtoto aliyekulia kati ya mifereji ya Usangu hapotezi kitu akiiona bahari kwa macho yake. Lakini leo hatuandiki juu ya uzuri wa safari. Twaandika juu ya neno moja tulilolitamka safarini, ambalo tangu siku hiyo halijatuacha. Neno lenyewe ni hili: "Tumelipa."

Yaliyotokea ni haya. Siku ya pili tulitoka asubuhi na mapema, tukavuka kwa pantoni hata Kigamboni, tukapita soko la samaki la Magogoni, tukarudi alasiri tumechoka. Tukakuta chumba hakikufagiliwa wala vitanda havikutandikwa. Tulishuka mapokezi kwa hasira, tukasema kwa sauti iliyosikiwa na kila aliyekuwapo, kwamba sisi hatukuja kuomba, tumelipa. Msimamizi akamwita binti anayehudumia vyumba vya ghorofa yetu, akamkemea mbele yetu na mbele ya wageni wengine. Binti hakujibu neno. Alipanda na shuka na taulo, akaanza kutandika.

Mama wa nyumba yetu, alipomtazama usoni, alimwamkia kwa salamu ya kwetu: "Kamwene." Yule binti akainua kichwa, akaitika, "Kamwene, mama," na machozi yakamlengalenga. Kumbe alikuwa mtoto wa Wanging'ombe, jirani zetu kabisa, aliyekuja mjini kutafuta kazi kama wanavyokuja mabinti wengi wa Nyanda za Juu. Kisha, kwa upole, akatuonyesha kibao kilichoning'inia kwenye kitasa cha mlango. Watoto wetu walikuwa wamekichezea asubuhi, wakakiacha upande ule unaokataza mtu asiingie. Yeye alikuwa amefika mlangoni mara mbili, akakisoma, akatii.

Basi twaomba wasomaji wetu wapime pamoja nasi. Kosa letu lilikuwa nini? Kibao kilikuwa mchezo wa watoto, na kutojua si dhambi. Kosa lilikuwa katika lile neno. Tulidhani kwamba mtu akisha kulipa, hana deni tena kwa yeyote. Na kwa sababu hiyo hatukuona haja ya kuuliza kabla ya kushitaki.

Tutazame kwanza desturi ya kwetu. Nyumbani kwetu mgeni halipi. Abishaye hodi jioni hupewa kiti na maji kabla hajaulizwa shida yake, na wali hupikwa hata kama ghala inakaribia kwisha. Lakini mgeni huyo asiyetoa hata senti moja anayo madeni mengi. Hana budi kuwaamkia wazee, kula alichoandaliwa bila kunung'unika, na kumshukuru aliyepika. Akikaa sana, wahenga wamekwisha amua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema tena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, kuja kwa mgeni kwapaswa kuacha heri katika nyumba. Ni ajabu gani, basi, kwamba mtu yule yule, akisha kutoa fedha mfukoni, huona madeni hayo yote yamefutika? Fedha yetu ilinunua nini? Ilinunua kitanda, chai ya asubuhi, na dirisha lenye kuonyesha meli. Haikumnunua mtandika kitanda.

Wako watakaosema: "Hoteli ni biashara. Binti yule ana mshahara, nanyi mkimwongeza bahashishi, mmetimiza haki yote." Hatuibezi haki hiyo. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alidai mfanyakazi apewe ujira wa haki. Lakini katika waraka huo huo alifundisha pia kwamba ni aibu kumtumia mtu kama chombo cha kupatia faida, bila kujali heshima aliyopewa na Muumba wake. Mambo mawili, basi, siyo moja: ujira, na heshima. La kwanza laweza kuhesabiwa mezani. La pili halihesabiki. Hata bahashishi, ikitolewa bila kumtazama mtu usoni, yaweza kuwa njia nyingine ya kumwambia aondoke.

Siku iliyofuata tulizunguka mji tukiwa na swali hilo moyoni, na karibu kila tulipofika tulilikuta mbele yetu. Tulianza kwa Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wabenediktini kati ya mwaka 1897 na 1902, likiielekea bandari. Tulikumbuka kwamba Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, aliwaagiza wamonaki wampokee kila mgeni kana kwamba ni Kristo mwenyewe. Sisi tulikuwa wageni, nasi tulipenda sana agizo hilo litimizwe juu yetu. Lakini kama Kristo yumo ndani ya mgeni abishaye hodi, je, atakosekana ndani ya yule afunguaye mlango?

Kutoka hapo tuliwapeleka watoto kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ni ukumbusho wa askari Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi. Tuliwaeleza watoto habari za wapagazi hao, jinsi walivyokufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi, huku wakibeba vyakula vya watu wengine. Watoto walinyamaza. Sisi nasi tulikumbuka mizigo yetu mizito ya safari, na kijana aliyeibeba ngazi hata ngazi, ambaye hatukumwuliza hata jina.

Mwisho tulisimama mbele ya Nyumba ya Atiman, jengo la kale la zama za Sultani Majid, lililokuja kuwa nyumba ya Mapadre Weupe. Adriani Atiman, ambaye jina lake limewekwa hapo, alikuwa mtoto wa Afrika ya Magharibi. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa utumwani, akakombolewa kwa fedha na wamisionari. Akasomeshwa uganga huko Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawatibu wagonjwa na kufundisha dini hata alipofariki mwaka 1956. Tazameni jambo hili. Wauza watumwa walitoa bei na kupokea bei, wakadhani mambo yamekwisha. Waliomkomboa walilipa vile vile, lakini kwao malipo yalikuwa mwanzo: baada ya fedha yalifuata malezi, elimu na urafiki. Fedha ni ile ile. Mioyo ndiyo iliyotofautiana.

Na Injili Takatifu yatufundisha hivyo hivyo. Sote twamjua Msamaria mwema, lakini mara nyingi twasahau kwamba hadithi yake yaishia katika nyumba ya wageni. Msamaria alimlipa mwenye nyumba dinari mbili. Je, alisema, "Nimelipa, sasa si kazi yangu"? La. Aliahidi kurudi, na kulipa chochote kitakachozidi. Alijua kwamba dinari zake hazikumtoa katika deni la kumpenda jirani. Kuhani na Mlawi hawakudaiwa na mtu yeyote, walipita tu.

Jioni ile tulishuka tena mapokezi, mahali pale pale tulipopigia kelele, tukamwambia msimamizi kwamba kosa lilikuwa letu, wala si la binti. Tulisema mbele ya watu, kwa kuwa tulimshitaki mbele ya watu. Haikuwa rahisi, na hatujisifu. Msimamizi alicheka, akasema ni jambo dogo. Kwake labda. Kwa aliyekemewa halikuwa dogo, na maneno yale hatuwezi kuyatoa tena masikioni mwake. Shuka lililochafuka hufuliwa. Heshima iliyochafuliwa mbele ya watu haifuliki kwa urahisi huo.

Enyi akina baba na akina mama, ninyi msiopata kulala hotelini msidhani maneno haya hayawahusu. Ni nyumba ngapi za Wakristo katika nchi yetu zenye binti wa kazi aliyetoka Iringa, Njombe au Mbeya? Yeye huamka kwanza na kulala mwisho. Na chombo kikivunjika, twamwambia nini? "Twakulipa!" Huo ndio wimbo ule ule tulioimba mapokezi. Yafaa tuwafundishe watoto wetu, kwa vitendo zaidi kuliko maneno, kumwamkia kila anayetuhudumia, kumwita kwa jina lake, na kuuliza kabla ya kulaumu. Tena tukikosa, tukiri mahali pale pale tulipokosea.

Mzazi wa binti yule yuko Wanging'ombe, labda anapalilia mahindi wakati tunapoandika haya. Amempeleka mwanawe mjini akiamini kwamba mikononi mwa Wakristo wenzake atakuwa salama. Amana hiyo tumekabidhiwa sisi sote, tuliolipa na tusiolipa. Mungu atujalie tuitunze.