Mwenye Haki Katika Vizazi Vyake

JUMANNE

Soma Mwanzo 6:9 na Mwanzo 7:1. Sifa ya Nuhu inafungwa na kizazi alichoishi. Je, kwa maoni yako, hilo linaiongeza sifa yake au linaipunguza?

Tunaposoma Mwanzo 6:9, wengi wetu tunatua kwenye neno “mkamilifu”. Walimu wa Kiyahudi walitua mbele kidogo, penye “katika vizazi vyake”. Kwao hakuna neno la Torati lililowekwa bure. Kwa nini Musa hakusema tu kwamba Nuhu alikuwa mwenye haki, akaishia hapo?

Talmudi inatupa majibu ya marabi wawili wa karne ya 3. Rabi Yohanan alisema: katika vizazi vyake, si katika vizazi vingine. Nuhu ni kama pipa la divai katika ghala la siki. Humo harufu yake inasikika, lakini ukilihamishia kwingine hakuna atakayelitambua. Resh Lakish akakataa. Kwake Nuhu ni kama chupa ya manukato iliyowekwa mahali pachafu. Ikiwa inanukia hata hapo, ingekuwaje penye manukato mengine?

Viongozi wa madarasa, msipite haraka hapa. Talmudi yenyewe inasimulia kwamba Resh Lakish alikuwa mnyang'anyi kabla ya kuwa mwalimu wa Sheria. Anayemtetea Nuhu ni mtu aliyewahi kuishi kati ya waovu, naye nadhani alijua gharama ya kuwa mwadilifu kati yao. Ndugu anayefanya kazi mahali ambapo kila mtu hupokea rushwa atamwelewa.

Hata hivyo, Rabi Yohanan naye anatugusa. Ni mara ngapi tunasema, “Afadhali mimi, ungemwona fulani”? Rashi, mfafanuzi mashuhuri wa Ufaransa (1040–1105), aliyaandika maoni yote mawili. Kwa wanaomshusha Nuhu, alieleza, kama angeishi wakati wa Ibrahimu asingehesabiwa kuwa kitu. Katika Mwanzo 7:7 Rashi ni mkali zaidi: anasema Nuhu alikuwa na imani haba, hakuingia safinani mpaka maji yalipomlazimisha. Hapa hatuwezi kumfuata, maana Waebrania 11:7 inamweka Nuhu kati ya mashujaa wa imani.

Soma Mwanzo 18:22-33 na Kutoka 32:31, 32. Ibrahimu na Musa walifanya nini waliposikia kwamba watu wataangamizwa?

Hapa ndipo penye shtaka zito. Zohari, kitabu cha Kiyahudi kilichoenea kutoka Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kinamlaumu Nuhu kwa kutokuombea kizazi chake. Ibrahimu alishuka naye Mungu kutoka watu 50 hadi 10 kwa ajili ya Sodoma. Musa alikuwa tayari jina lake lifutwe. Nuhu alipoambiwa kwamba wote wenye mwili watakufa, alichukua vipimo vya safina akaanza kazi. Fuatilia sura ya 6 hadi ya 9: neno la kwanza la Nuhu lililoandikwa ni laana juu ya Kanaani (Mwanzo 9:25).

Je, alinyamaza kweli? Petro anamwita mhubiri wa haki (2 Petro 2:5), na Ellen White anafundisha kwamba alihubiri kwa miaka 120 huku akijenga. Hata marabi hawakuwa na kauli moja. Talmudi inasema pia kwamba aliwakemea watu watubu, wakamdhihaki. Rashi naye anaeleza kwamba Mungu alimchosha kwa ujenzi wa miaka 120 ili watu wamwone, waulize, na huenda wakatubu.

Kwa hiyo kwamba Nuhu alihubiri, tunalo neno la Petro. Kama aliwaombea, Mwanzo haisemi. Mtu anaweza kuwaonya majirani zake kuhusu hukumu miaka mingi, akiwa na ujumbe sahihi kabisa, bila kupiga goti hata mara moja kwa ajili yao. Nimekaa katika mabaraza ya kanisa yaliyopanga mikutano ya injili kuanzia mahema hadi vipaza sauti, na orodha ya majina ya kuombea ikakumbukwa jioni ya mwisho.

Jadilini darasani: Taja moyoni jirani mmoja uliyewahi kumpa kijitabu au kumwalika kanisani. Mara ya mwisho ulimwombea kwa jina lini?