Saa nne na nusu angani: Je, hii bado ni safari?

Dar es Salaam na Jeddah zimepangana kwenye ramani, zote zikiwa karibu na nyuzi 39 mashariki, na saa zao ni zile zile. Kati yake kuna kilomita 3,160 hivi. Ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa takriban saa nne na nusu. Basi la Dar kwenda Morogoro, kilomita 190 hivi, likikutwa na foleni laweza kutumia muda huo huo.

Ndiyo maana wapo Waislamu wanaouliza: mtu aliyekaa kwenye kiti laini, akaletewa chakula na maji, ana haki gani ya kupunguza Swala? Wengine huona haya kabisa kuitumia ruhusa hiyo.

Nionavyo mimi, jibu lilikwishatolewa zamani. Aya ya 101 ya Surat An-Nisaa imetaja kupunguza Swala pamoja na hofu ya kushambuliwa na maadui. Watu walipokuwa katika amani, Sayyidna Umar (RA) alistaajabu, akamuuliza Mtume (SAW). Akajibiwa kwamba hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi waipokee. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Ikiwa hofu iliondoka na sadaka ikabaki, kwa nini tuikatae leo kwa kuwa jua na kiu vimeondoka?

Mafaqihi wa Kishafii waliweka kipimo kwenye masafa: marhala mbili, ambazo wengi leo huzikadiria kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Taabu haina kipimo, kwani mzee wa miaka 70 na kijana wa 20 hawachoki sawa hata wakikaa viti vya jirani. Masafa ni yale yale kwa wote. Msafara wa ngamia uliyakata kwa siku mbili. Ndege iendayo kilomita 850 kwa saa huyakata kwa dakika 6 hivi.

Lakini, ndugu msomaji, kasi hiyo haipunguzi wajibu. Ndege hupita usawa wa Miqati kabla ya kutua Jeddah, ikikata kilomita 14 kila dakika. Hujaji wa jahazi alikuwa na siku nyingi za kujiandaa. Wa ndege akisinzia kidogo tu, Miqati imempita hajanuia Ihram. Wapo pia wanaoiacha Swala itoke wakati kwa kisingizio cha kuwa angani, ilhali ruhusa ya kukusanya ipo. Huyo sadaka kaikataa, na deni hajalipa.

Tutaulizwa kuhusu umri wetu tuliutumiaje. Aliyepunguziwa safari ya wiki nyingi ikawa ya saa chache ana hesabu kubwa zaidi, kwa sababu hawezi tena kusema njia ilimmalizia muda. Mwenyezi Mungu atujaalie kuipokea sadaka Yake na kuutunza muda aliotupa. Amin.