Vitabu vya Paulo Kifungoni

Fungueni Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 13. Paulo yumo kifungoni, naye ajua ya kuwa saa yake ya kufariki imekaribia. Aomba nini? Aomba joho lake, maana siku za baridi zaja. Tena aomba vitabu, na zaidi vile vya ngozi. Twastaajabu. Mtu angojaye kufa, vitabu vyamfaa nini?

Neno hili latukumbusha wafungwa wa Marekani. Kwa miaka mingi serikali ya huko iliwasaidia maskini kulipa karo ya chuo kikuu, na wafungwa nao walipewa msaada uo huo. Mwaka 1994 sheria ikawakatalia. Wazazi wengi walikuwa wamenung'unika kwamba mwana wao, asiyeiba wala kuua, ahangaika kwa karo, na mwivi asomeshwa bure.

Manung'uniko hayo tusiyacheke, maana ni yetu pia. Nani kati yetu hajauza mbuzi ili mtoto asome? Wala hatusemi kosa la wafungwa ni dogo: aliyeuawa hatasoma tena, na mama yake angali akilia. Lakini fedha zile za wafungwa hazikufika sehemu 1 katika 100 za msaada wote. Mzazi yule alidhani kalamu ya mfungwa imenyang'anywa mkononi mwa mwanawe, kama wale wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, walioitazama dinari ya mwenzao wakaona yao imepungua, kumbe i nzima!

Mwaka 2001 Chuo cha Bard, katika jimbo la New York, kilianza kufundisha gerezani. Wafungwa hawakuwa na intaneti. Wakitaka kitabu, wakuu wa gereza sharti wakubali kwanza, na pengine walingoja majuma. Hata hivyo mwaka 2015 watatu wao walishindana kwa hoja na wanafunzi wa Harvard, na waamuzi wakawapa wafungwa ushindi. Tarehe 1 Julai 2023 msaada wa serikali ukarudishwa. Hata Kenya, katika gereza la Kamiti, wako waliosoma sheria kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha London.

Twaambiwa ya kuwa mfungwa aliyesoma harudi gerezani kwa wepesi kama asiyesoma. Wataalamu wa RAND walionyesha hivyo mwaka 2013, nasi twafurahi. Lakini yuko aliyefungwa maisha, asiyetazamia kutoka. Je, asisome? Hapo hesabu ya faida yanyamaza, nasi twarudi kwa Paulo. Yeye hakutaka vitabu ili apate kutoka. Alikuwa angali mtu, tena mtumishi, na akili aliyopewa na Mungu haikutiwa minyororo pamoja na mikono yake.

Tena vitabu havikwenda vyenyewe. Timotheo aliombwa avichukue kutoka Troa mpaka Rumi, safari ndefu ya nchi kavu na bahari. Basi, waalimu mlio karibu na magereza, mwendapo na Injili na sabuni, mwulizeni mkuu wa gereza kama madaftari na vitabu vya hesabu vyaweza kuingia pia.