Ishara Iliyopindwa kwa Makusudi: Je, Ni Uongo?

Ishara ya kidijitali haifiki mwisho wa waya ikiwa na umbo lile lile iliyotoka nalo. Kadiri masafa yanavyopanda, mkondo wa umeme husukumwa kwenye ngozi ya shaba, na bodi ya saketi nayo hunyonya sehemu ya nishati. Biti iliyotoka na kingo kali hufika imetandazika, mkia wake ukiingia katika nafasi ya biti inayofuata. Katika kizazi cha tatu cha PCI Express, kiwango cha kuunganisha vipande vya ndani vya kompyuta, kilichotangazwa mwaka 2010, kila biti hupewa pikosekunde 125, muda ambao ishara husafiri sentimita 2 hivi tu ndani ya bodi. Njia ya sentimita 40 basi hubeba biti zipatazo 20 kwa wakati mmoja, kila moja ikiichafua jirani yake.

Dawa iliyozoeleka ni chipu inayotuma kuipinda ishara yake kabla njia haijaipinda. Biti inayogeuka, kutoka sifuri kwenda moja au kinyume chake, hutumwa kwa volteji kamili. Zinazorudia thamani ile ile hupunguzwa. Kizazi cha kwanza cha PCI Express kilizipunguza kwa desibeli 3.5, yaani zikabaki na theluthi mbili hivi ya volteji. Anayepima mlangoni mwa chipu huona umbo lenye kasoro. Anayepima mwisho wa waya huona biti zinazosomeka.

Swali linalozuka hapo ni la kale kuliko umeme: uaminifu wa ujumbe hupimwa kwa kilichotoka au kwa kilichofika? Mtakatifu Augustino, katika kitabu alichoandika karibu na mwaka 395 kuhusu uongo, aliuweka uongo katika nia: mwongo ana moyo wa pande mbili, akijua hili na kutamka lile ili adanganye. Kwa kipimo hicho chipu haina kosa. Lakini Augustino huyo huyo hakukubali kwamba matokeo mema huhalalisha uongo, hata uwe wa kuokoa maisha, na mwanafalsafa Kant alishikilia ukali kama huo mwaka 1797. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba ishara iliyopindwa ni halali kwa sababu inafika vizuri. Utetezi wenye nguvu uko kwingine. Mwanahisabati Claude Shannon alieleza mwaka 1948 kwamba kazi ya mawasiliano ni kuzalisha upya mahali pamoja ujumbe uliochaguliwa mahali pengine. Kinachodaiwa kuwa kweli ni uchaguzi huo, mfuatano wa sifuri na moja; volteji haidai chochote. Kuipunguza si kusema jambo jingine.

Binadamu hawana bahati hiyo, kwa kuwa katika maneno yao umbo na maana havitengani kirahisi. Kauli ya Ali bin Abi Talib iliyopokewa na Bukhari, katika Kitabu cha Elimu, inawataka wenye ujuzi wawaeleze watu yale wanayoweza kuyafahamu, wasije wakamkadhibisha Mungu na Mtume wake. Huo ni ushauri wa kumzingatia anayepokea kabla ya kunena, nao una hekima kubwa. Hata hivyo mwalimu anayerahisisha huweza kudondosha kitu kisichorudi tena, ilhali chipu hupunguza volteji bila kupoteza hata biti moja. Tofauti hiyo ndiyo mpaka. Kilichopunguzwa kikiwa ni kile tu ambacho njia ingekitia chumvi, uaminifu umehifadhiwa. Kikiwa ni sehemu ya ujumbe wenyewe, huo ni ukweli nusu, na nia njema haiufanyi mzima.

Kupaza nguvu nako si uaminifu. Kebo ya kwanza ya telegrafu kuvuka Atlantiki, mwaka 1858, ilikuwa nzito mno kupitisha ishara: salamu za Malkia Victoria, zenye maneno 98, zilichukua takriban saa 16. Wildman Whitehouse, daktari wa upasuaji aliyegeukia umeme, aliilisha volteji zipatazo 2,000, na baada ya wiki chache kebo ikafa. Mwanafizikia William Thomson alitafuta njia nyingine, ya kufuatisha kila pigo na pigo la kinyume ili kuusafisha mkia wake, na katika miaka ya 1870 yeye na mhandisi Fleeming Jenkin waliunda mashine ya kufanya hivyo. Chipu za leo zinarithi wazo hilo.

Linabaki sharti la mwisho, nalo ndilo zito zaidi: mtumaji hawezi kuijua njia akiwa peke yake. Anayeupinda ujumbe kwa kukisia udhaifu wa msikilizaji, bila kumpa nafasi ya kujibu, anatawala, hawasiliani. PCI Express ya kizazi cha tatu ililiweka sharti hilo ndani ya kanuni zake. Kabla ya kazi kuanza, chipu inayopokea hupima kinachofika na kuiomba inayotuma ibadilishe kiasi cha kupinda, na maombi hurudiwa hadi ipokeayo iridhike. Inayotuma huruhusiwa kukataa pale tu ombi linapovuka mipaka iliyowekwa.