Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Katika mlango wa 28 wa Matendo ya Mitume twasoma jinsi Paulo na wenzake walivyotupwa na tufani katika kisiwa cha Malta. Hatusomi kwamba wenyeji waliuliza kwanza kama wana fedha. Mvua ilinyesha, baridi ilikuwapo, nao wakawawashia wageni moto.

Nasi tu watu wa kisiwa. Kila mwaka Unguja hupokea wageni mamia ya maelfu. Wengine wataka starehe za usiku: jioni hula mishikaki Forodhani, tena huenda Kendwa na Nungwi, kaskazini kabisa, ambako mwezi ukiwa mpevu muziki hulia pwani hadi usiku wa manane. Wengine wataka utulivu: huenda msitu wa Jozani kuwatazama kima punju, au hutembea Paje maji yakipwa, kina mama wakiwa katika mashamba yao ya mwani. Hatusemi kwamba furaha ni dhambi. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na pia aliwaita wanafunzi wake faraghani wapumzike (Marko 6:31).

Lakini tuwe macho. Kanisa Kuu la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Altare, kwa mapokeo yetu, husimama pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Hapo mtu alikaguliwa kama mnyama, akatajiwa bei.

Je, soko lile limefungwa kweli, ikiwa usiku, huko pwani, binti au kijana wa jirani yetu hutajiwa bei na mwenye fedha? Je, limefungwa, ikiwa sisi wazazi twapokea fedha hizo bila kuuliza zimetoka wapi? Mgeni anunue samaki na karafuu, alipie chakula na kitanda. Mtu hauzwi, kwa kuwa Kristo amekwisha kumlipia.

Itazameni Mbweni, kusini kidogo ya mji. Kule, katika shamba la Misheni, watumwa waliokombolewa walipata mahali pa kujenga na kulima, na watoto wao wakasoma. Magofu ya shule ya wasichana yangalipo. Katika utulivu wa shamba, aliyekuwa bidhaa akawa tena mtu, mwenye nyumba na jina.

Basi tuwafundishe vijana wetu lugha na kazi halali za kuhudumia wageni, tena tukae nao na kuwasikiliza kabla hawajapotea. Na mgeni tumweleze kwa upole avae kwa heshima mitaani, kwa ajili ya jirani zetu Waislamu na kwa ajili yetu sote. Hivyo ndivyo mwenyeji atakavyopona, na mgeni naye.

Mungu atujalie kuwasha moto wa ukarimu, wala tusimteketeze mtu ndani yake. Amina.