Hezekia na Mkate wa Tini

Somo: 2 Wafalme 20:1–7



Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alimwambia kwamba atakufa. Mfalme akalia na kuomba. Isaya hajafika mbali, Mungu akamrudisha na neno la kupona. Kisha Isaya akaagiza mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu. Neno lilikuja, na dawa ikaja. Hakuna aliyesema kwamba tini zile ni upungufu wa imani.

Somo hili limenikumbusha mwenzetu mmoja ambaye siku hizi hatumwoni kanisani. Aliahidi mbele yetu kuacha sigara. Alishinda wiki mbili, akaanguka, nasi tukamcheka. Mimi nilimwambia, "Ungekuwa na imani ungeacha." Nilisahau kwamba nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu nilivuta miaka kumi na minane, na nilishindwa mara tatu kabla ya kuacha.

Nikotini huufunga mwili, na mazoea humfunga mtu. Mwili ukiikosa, mtu huwa mkali, hatulii, hapati usingizi. Siku za kwanza ndizo ngumu kupita zote. Hapo dawa husaidia: kibandiko cha ngozini au ubani wa kutafuna wenye nikotini kidogo pasipo moshi, au vidonge anavyoandika daktari. Lakini dawa haikujua kwamba kila asubuhi ya baridi ya Julai, Meru ikiwa imefunikwa na ukungu, mkono wangu ulitafuta sigara mara tu kikombe cha kahawa kilipowekwa mezani. Hilo lilihitaji mtu wa kuketi nami, kuniuliza ni saa gani nashindwa, na kupanga nami la kufanya saa ile. Julai 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, likasema vivyo hivyo: dawa na ushauri vikienda pamoja, wanaofaulu huongezeka.

Basi wewe unayevuta, nenda hospitali useme bila kuficha. Usijinunulie dawa kwa kubahatisha, hasa mama mjamzito. Nasi tusiovuta tuwe kama Isaya, aliyekubali kurudi. Mwalimu hamfukuzi mtoto aliyekosa hesabu, humpa nyingine.

Jumapili hii baada ya ibada nitakwenda kwa ndugu yule kumwomba radhi. Nani atafuatana nami?

Bwana atuhurumie sote. Amina.